Kamera ya mfukoni yenye zumu ndefu: ipime ikiwa imevutwa hadi mwisho

Picha ninayoijutia kuliko zote ni ya mpwa wangu akifunga bao lake la kwanza. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa uwanja, kamera mkononi, zumu nimeivuta mpaka mwisho, na jua ndiyo kwanza lilikuwa linazama nyuma ya miti. Nilibonyeza kwa wakati wake. Nilipofika nyumbani nikaifungua picha kwenye kompyuta: rangi ya jezi inaonekana, nyavu zinaonekana, lakini mtoto mwenyewe ni ukungu wenye miguu. Kamera haikuwa mbovu. Ilifanya kila kilichowezekana katika mwanga ule. Mimi ndiye niliyeinunua bila kuijaribu hata mara moja katika mwanga wa namna ile.

Nimezitumia kamera hizi, ndogo za kutia mfukoni lakini lenzi yake inachomoza kama darubini, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na bado nazipenda. Simu nyingi, hata za hali ya juu, lenzi yake ya mbali inaishia karibu na milimita 120 (milimita hizi ndizo kipimo cha jinsi lenzi inavyovuta kitu karibu, zikizidi inavuta zaidi), kama iPhone 15 Pro Max ya 2023. Ukivuta zaidi ya hapo, picha inakatwa na kukuzwa kwa hesabu za programu. Kamera ya mfukoni inafika milimita 720 kwa kioo chenyewe. Ndege aliyetua kwenye tawi la juu kabisa unamwona jicho, unaona hata manyoya ya shingoni yakipeperushwa na upepo. Kwa hiyo simkatishi mtu tamaa. Ninachotaka ni ununue ile itakayokufaa, na njia ninayoiamini ni kuipima pale lenzi inapokuwa imevutwa yote, maana huko ndiko kulikokufanya uitamani kamera yenyewe.

Tuanze na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Mara 30, mara 40. Kizuri chajiuza, na namba kubwa nayo yajiuza, lakini namba hii haikwambii unafika wapi. Inakwambia tu ncha ndefu ya lenzi ni mara ngapi ya ncha fupi. Panasonic TZ1 ya 2006 ilikuwa ya mara 10, ikianzia milimita 35 na kufika 350. Panasonic TZ100 ya 2016 nayo ni ya mara 10, lakini inaanzia 25 na kuishia 250. Namba ni ileile, ufikaji haufanani. Achana na hizo mara, uliza milimita. Ukisikia 24 hadi 720, au 24 hadi 960 kama Canon SX740 HS, hapo umeambiwa kitu.

Kisha igeuze kamera usome maandishi yanayoizunguka lenzi. Wengi hawayasomi, na ndiyo yenye ukweli wote. Kwenye Panasonic TZ70 ya 2015 utakuta 1:3.3-6.4 na 4.3-129. Hizo 3.3 na 6.4 ndizo namba za f, ya kwanza bila kuvuta, ya pili mwisho wa zumu: milimita za lenzi zikigawanywa kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga, kwa hiyo namba ndogo ni mwanga mwingi. Hizo 4.3 na 129 ndizo milimita halisi za lenzi. Ile 24 hadi 720 ni ulinganisho na kamera za filamu ya milimita 35, ili watu waweze kufananisha. Sasa gawanya 129 kwa 6.4. Unapata kama 20. Yaani ikiwa imevutwa hadi mwisho, mwanga wote unaingilia tundu la upana wa milimita 20, dogo kuliko kifuniko cha chupa ya maji. Kama ungetaka lenzi hiyo ibaki na f/2.8 mpaka mwisho, tundu lingehitaji milimita 46, na kamera nzima ina kimo cha sentimita sita na kidogo tu. Isingekuwa ya mfukoni tena. Hakuna mtengenezaji aliyekufanyia ubahili hapo. Ndiyo gharama ya udogo.

Na gharama hiyo inalipwa kwa mwanga. Kutoka f/3.3 hadi f/6.4 unapoteza karibu robo tatu ya mwanga. Nilirudia hesabu ya lile bao nikiwa nimekaa nayo mezani, na sasa naifanya kichwani kila ninaposhika kamera ngeni. Tuseme jioni ile, bila kuvuta, kamera ingepiga kwa 1/60 ya sekunde kwa ISO 400 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Ukivuta hadi mwisho, mwanga unapungua karibu mara nne, kwa hiyo unashuka mpaka 1/15. Mfumo wa kutuliza mtikisiko utaushika mkono wako vizuri hata kwa 1/15, lakini haumshiki mtoto anayekimbia. Yeye anahitaji 1/500 hivi. Kutoka 1/15 kwenda 1/500 ni lazima ISO ipande kutoka 400 mpaka 12800, na kwa kihisi kidogo hapo hakuna picha, ni changarawe za rangi. Mtu akikwambia kamera ina utulizaji bora sana wa mtikisiko, msikilize, lakini kumbuka unatuliza mkono wako wewe.

Kihisi, kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, ndicho kitu ambacho ningetamani mtu angenieleza tangu mwanzo. Kamera nyingi za mara 30 na 40 zina kihisi cha aina ya 1/2.3, chenye upana wa milimita 6 na ushei na kimo cha 4.5 hivi. Ukucha wako wa kidole kidogo unakifunika. Kamera kama Panasonic TZ200 ya 2018 ina kihisi cha aina ya inchi 1 (ni jina tu, si kipimo chake halisi), milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne ya kile kingine. Lakini zumu yake ni 24 hadi 360, nusu tu ya ile 720. Dukani watu wanaona wamepunjwa, wanairudisha kwenye rafu.

Soma tena maandishi ya kwenye lenzi. TZ200 ni 8.8-132, na f/6.4 mwishoni. TZ70 ni 129, na f/6.4 mwishoni. Milimita halisi karibu ni zilezile, tundu ni lilelile. Kilichobadilika ni ukubwa wa kipande kilichoko nyuma. Kwa hiyo ukiipiga picha ya ndege kwa TZ200 kisha ukakata katikati ubaki na robo ya picha, umebaki na eneo la kihisi karibu sawa na kihisi kizima cha TZ70, na ndege ana ukubwa uleule. Utakuwa na megapikseli 5 badala ya 12, lakini kama nitakavyoeleza, hizo 12 zenyewe kwenye ncha ile hazijai. Na ukirudi karibu, kwenye sura za watu, ndani ya nyumba, magharibi ikiingia, kihisi kikubwa kinakuacha ukipumua. Nilipoielewa hesabu hii niliacha kununua ufikaji na kuanza kununua kihisi. Mwenye kupiga ndege tu, mchana tu, anaweza kuamua vingine na asiwe amekosea.

Kuhusu megapikseli: mwanga ukipita kwenye tundu dogo husambaa kidogo, hautui kama nukta moja. Kwa f/6.4, nukta ya mwanga inatua kwenye kihisi ikiwa doa la upana wa maikromita (sehemu za elfu za milimita) 8 hadi 9. Kwenye kihisi kidogo chenye megapikseli 20, pikseli moja ina upana wa maikromita 1.2. Doa moja linalala juu ya pikseli kama saba kwenda upande mmoja. Umelipia pikseli ambazo zote zinaangalia kitu kimoja. Ndiyo maana nikiona toleo jipya limetoka 12 kwenda 20 kwa kihisi kilekile, sishtuki.

Zumu ya kidijitali izime siku ya kwanza. Ni kukata picha tu, na kukata unaweza kukata mwenyewe baadaye.

Mshiko ndio unaoamua kama kamera utaitumia au itabaki kwenye droo. Kwa milimita 720, ukitetema kidogo tu ndege anatoka nje ya fremu. Ukiwa unaishika kamera mbele yako kwa mikono iliyonyooka ukitazama skrini, na jua liko mgongoni linapiga kwenye kioo, utamtafuta ndege huyo mpaka aruke. Kidirisha cha kuchungulia kinabadili mambo kabisa: unakibana kwenye paji la uso, viwiko unavigandamiza mbavuni, mwili mzima unakuwa stendi. Sony HX99 ina kidirisha kinachochomoka juu, Panasonic TZ95 inacho pia, lakini TZ99 ya 2025 imekiondoa, na kwangu hilo lilikuwa pigo. SX740 haina. Jaribu hivi ukiwa dukani: chagua kitu kidogo cha mbali, herufi moja kwenye bango, kisha ukiwa na zumu iliyorudishwa, vuta mpaka mwisho huku unakilenga. Kikikupotea mara tatu mfululizo, fikiria hali itakuwaje kwa kiumbe chenye mabawa. Sikiliza pia fokasi. Zipo kamera ambazo kwenye ncha ndefu lenzi inakwenda mbele, inarudi, inakwenda tena, halafu inakuwashia alama nyekundu.

Ukishainunua, usiikalie. Siku za kwanza ndizo za kuirudisha kama ina kasoro. Tafuta ukuta wa matofali, simama ukiutazama moja kwa moja, kamera uiweke juu ya kitu kisichoyumba, weka taima ya sekunde mbili, na upige bila kuvuta, katikati ya zumu, na mwisho. Kwenye kompyuta tazama kona nne. Kona zote zikififia kiasi sawa, hiyo ni kawaida ya lenzi ndogo. Kona moja ikififia peke yake huku nyingine zikiwa safi, na ukirudia inakuwa hivyohivyo, vioo vya ndani havikukaa sawa. Usijaribu kuizoea, irudishe.

Halafu kuna vumbi. Lenzi inayochomoza na kurudi ndani inavuta hewa kama mvukuto, na hewa ina vumbi. Kamera yangu moja, niliyoipenda mno, ilianza kuonyesha kivuli cha mviringo upande wa juu kushoto wa kila picha yenye anga. Nilifuta lenzi kwa kitambaa wiki nzima kabla ya kuelewa kwamba punje iko ndani, juu ya kihisi, na lenzi hizi hazifunguki. Fundi aliniambia kuifungua ni gharama ya karibu kamera nyingine. Kwa hiyo kamera iliyotumika usiinunue kabla ya kupiga picha ya anga tupu au karatasi nyeupe, zumu ikiwa mwisho, maana huko ndiko madoa yanajitokeza wazi. Ikiwa kamera zako zinakaa mfukoni, zitie kwenye kijifuko kwanza. Pamba ya mfukoni ndiyo iliyoniharibia yangu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwezi. Kwa milimita 720 mwezi unachukua robo hivi ya kimo cha picha, kwa 960 unafika theluthi. Subiri ukiwa nusu, kwani kwenye mstari unaotenganisha mwanga na giza mashimo yana vivuli na yanaonekana vizuri kuliko mwezi ukiwa mpevu. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, itaona anga jeusi, itafungua mwanga mwingi, na utapata sahani nyeupe. Weka mwenyewe: ISO 100, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/100 ya sekunde kwa f/6.4, kisha rekebisha kutoka hapo. Iegemeze kwenye ukuta, piga kumi mfululizo, chagua moja. Mwezi haukimbii, hauna visingizio. Kinachoonekana hapo ndicho lenzi yako inachokiweza.

Jambo moja lisikuhadae unapopima: usipige kitu cha mbali saa sita mchana juu ya barabara au bati lenye joto. Hewa yenyewe inacheza, na picha inatoka kama iliyopigwa ndani ya maji. Niliwahi kuilaumu lenzi nzuri kwa siku mbili, mpaka nilipotoka alfajiri nikapiga mlingoti uleule na kuhesabu nyaya zake.

Siku hizi natembea na ya kihisi cha inchi 1. Mpwa wangu sasa anacheza kiungo, na mechi zake bado zinaisha jua likizama. Sisimami tena upande wa pili. Nazunguka nyuma ya goli, zumu naiacha karibu na 100, shata 1/500, na ninamsubiri aje upande wangu. Wiki iliyopita alikuja. Picha ina chembechembe kidogo, lakini jasho linaonekana juu ya nyusi, na mdomo uko wazi, anaita pasi.