Jibu: 4294967297 si namba tasa
Habari ndugu. Umesema umeigawa 4294967297 kwa namba tasa zote hadi 100, kila mara ikabaki na baki, na sasa unauliza kama nayo ni tasa. Hapana, si tasa. Usiendelee na orodha ndefu. Angalia kwanza umbo lake: ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawa kwa 64, baki ni 1. Kwa hiyo jaribu 193, 257, 449, 577, 641 tu. Mimi nilifanya kwa kalamu, ukurasa mzima, na hiyo ya tano ikaingia sawasawa: 641 × 6700417. Nilifurahi sana! Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliamini 4294967297 ni tasa. Euler, mwanahisabati Mswisi, akaipasua mwaka 1732. Hiyo 6700417 ni tasa, usiihangaikie.