Nimekaa kimya ibada nzima, hiyo nayo ni kusali?

SWALI: Shikamoo Anti. Nipo Cambridge nasoma, juzi nikaingia Sala ya Jioni pale kanisa la King's College, yani ile kwaya inaimba mpaka mwili unasisimka lakini wao ndo wanaimba karibu kila kitu, sisi tumekaa tu. Mi nimekulia kwaya ya Anglikana Muheza, nimezoea kuimba mwanzo mwisho. Nimetoka najiona kama nilienda kwenye tamasha. Hiyo nayo ni kusali kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kusali kabisa, na nakuomba usiache kwenda. Ibada yenyewe wala sio ngeni kwako, ni Sala ya Jioni ileile ya Kitabu cha Sala cha Anglikana cha 1662: zaburi, masomo mawili, Wimbo wa Mariamu, Wimbo wa Simeoni, Kanuni ya Imani, maombi. Kuimba wameachiwa kwaya kwa sababu chuo kilianzishwa hivyo, Mfalme Henry VI alikianzisha 1441 akataka wawepo watoto 16 wa kuimba, na mpaka leo wapo. Kwahiyo wale hawakutumbuizi, wanakusalia na wewe unasali kwa masikio.

Ila usikae mikono mitupu, fungua zaburi uifuate kwa macho wakati wanaimba. Kitabu kimezigawa zote 150 ziishe kwa mwezi, asubuhi na jioni, tarehe 15 jioni ni Zaburi ya 78 peke yake, ile ndefuuu. Ukienda wiki nzima utaona zinavyokuingia zenyewe. Kusimama na kukaa angalia kwaya tu. Ikifika Imani hapo ni watu wote, toa sauti mwanangu.

Alafu kuna kitu nataka ukijue maana kinanigusa sana. Jengo la jirani na kanisa hilo ni Senate House, ukumbi wa Chuo Kikuu, humo ndo mmisionari David Livingstone alihutubia Desemba 1857, na hotuba ile ndo ikazaa UMCA, misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyokuja Zanzibar ikafika mpaka Magila, hapohapo kwenu Muheza. Sala aliyokufundisha bibi ilianzia safari mtaa huo unaopita kila siku, sasa utakuwaje mtazamaji?

Nenda mapema maana foleni inakuwaga ndefu, kiingilio hakuna, simu zima. Na uende muhula haujaisha, likizo kwaya ya chuo inapumzika.