Jibu: Usitume hiyo sadaka kabla hujamwona mwenye nyumba

Usitume. Weka simu chini kwanza, yakhe, halafu ndio usome.

Umeandika hoteli yenu huko Malindi imefungwa kwa mvua, kodi ya miezi miwili hujalipa, na mwenye nyumba ukimwona kwa mbali unakata uchochoro mwingine. Na kuna ustadhi wa mtandaoni anayekwambia elfu tano yako ya mwisho uitoe sadaka ya kufungulia riziki, kisha unyamaze, kwani kumwambia binadamu shida zako ni udhaifu wa imani. Hapo ndipo damu iliponichemka. Wangu alisema hayo hayo neno kwa neno, sijui wanagawiana karatasi!

Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, kazi yangu boti ya wageni. Machi 2020 ndege za nje ziliposimamishwa, Shela tulibaki sisi na punda. Mashine ya boti nilikuwa nimekopa kwa mfanyabiashara mmoja wa Langoni, mzee wa heshima, hatukuandikiana hata karatasi. Kila mwezi nampunguzia kidogo. Aprili sina kitu. Badala ya kwenda kumwambia, nikampigia huyo ustadhi wangu wa mtandaoni, akanisomea kwamba mwenye kumtegemea Allah, Yeye humtosha. Aya ni ya haki, imo Suratut-Talaq, sina neno nayo. Neno ninalo na msomaji, maana ilipokwisha aya ilifuata nambari ya kutumia pesa.

Mke wangu alikuwa na bangili mbili za mahari yake. Alizivua jikoni, mikono ina unga wa mofa. Moja ikakataa kutoka, akaipaka mafuta ya kupikia mpaka ikateleza. Hakusema kitu. Heri angenitukana. Nikauza, nikatuma. Mwezi uliofuata naambiwa ile ilikuwa ya kubisha hodi tu, sasa yatakiwa ya kufungulia mlango. Sisi Amu milango ya nakshi twaijua, lakini huo wake kila komeo lilikuwa na bei.

Ramadhani ikaja, misikiti imefungwa kwa ajili ya korona, nami moyoni nikashukuru kwamba sitakutana na mdai wangu safuni. Ebu fikiri, mja anafurahi msikiti kufungwa! Hiyo ndiyo imani niliyofundishwa kwa simu.

Baadaye mzee alikuja mwenyewe gatini na vijana wawili, wakaifungua mashine wakaichukua. Hakupaza sauti. Akaniambia, "Ungekuja Aprili ningekungoja hata kaskazi, mwanangu. Hata mimi duka halina mtu. Lakini nasikia dhahabu za mkeo zimeuzwa na mimi sikuona hata senti. Nimekukosea nini?" Mashine nilipata nyingine, mbovu mbovu lakini yaenda. Mzee hadi leo salamu yangu huitikia, na haongezi neno.

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja tu: mdai kwanza, kabla siku haijafika, ana kwa ana, kwa mdomo wako mwenyewe. Huko ndiko kutawakali, kumtegemea Allah. Al-Baqara aya ya 280 inamtaka mdai ampe muda mwenye dhiki mpaka afarijike. Atakupaje muda na wewe umo uchochoroni? Na yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) habari ya ngamia wake aliambiwa amfunge kisha atawakali. Hakuambiwa atume pesa kwanza.

Halafu mwenye deni lililomlemea ni mmoja katika makundi manane ya kupewa zaka, soma At-Tawba aya ya 60. Yaani wewe ndiye wa kupewa, na huyu ataka umpe yeye! Nenda kwa imamu wa mtaa wako, anayeujua mlango wako na watoto wako. Huyu wa mtandaoni twamjua kwa picha ya kilemba tu.

Dua uliyouliza, soma, tena soma sana. Uliuliza jingine la kuhamia kwa mama, sijui Mambrui, nimeshaandika mrefu na kidole kimechoka.

Hiyo elfu tano mpelekee mwenye nyumba leo baada ya alasiri, hata akikufokea. Akikuuliza kazi itarudi lini na hujui, mwambie hujui. Na ustadhi wako akipiga tena, mwombe akukopeshe.