Jibu: 0.3x(0.2x − 1.5), nukta iwekwe wapi?

Sasa ndugu. Unasema 0.3x(0.2x − 1.5) inakupa 0.6x² − 4.5x, lakini kitabu kina 0.06x² − 0.45x. Mabano umeyafungua vizuri, x zako ziko sawa. Shida ni nukta tu.

Kwanza hesabu tarakimu zilizo baada ya nukta: 0.3 ina moja, 0.2 ina moja, jumla mbili. Sahau nukta kidogo, 3 × 2 = 6, kisha irudishe nafasi mbili: 0.06. Vivyo hivyo 3 × 15 = 45, inakuwa 0.45.

Kijana wangu alielewa kwenye kioski hapa Kayole: nusu ya nusu mkate ni robo. 0.5 × 0.5 = 0.25. Ukipata 2.5, umetoka na mikate miwili na nusu bila kulipa!