Aspirini kwa aliyewahi kupata kifafa cha mimba

Dada, umesema una wiki 11, mimba ya kwanza ilikuletea kifafa cha mimba ukajifungua wiki ya 33, na sasa daktari kakuandikia aspirini huku mama mkwe akisema itaharibu mimba. Pole kwa kuwekwa katikati.

Hofu yake haikutoka hewani: aspirini ya kutuliza maumivu si ya mjamzito kujimezea tu. Lakini uliyoandikiwa ni dozi ndogo. Katika utafiti wa ASPRE, uliochapishwa 2017, wajawazito wenye hatari kubwa walipewa ama miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka ya 36, ama kidonge kisicho na dawa. Waliopata priklampsia (ile presha ya mimba inayotangulia degedege) na kujifungua kabla ya wiki 37 walikuwa 13 kati ya 798 upande wa aspirini, na 35 kati ya 822 upande wa pili. Kwa hiyo haizuii kila kitu, na usichelewe kuanza. Ukiwa na vidonda vya tumbo au pumu, mwambie daktari kwanza.

Mimi vidonge nilivibandika kwenye daftari la presha, juu ya friji. Ukikuta 140/90, usisubiri tarehe ya kliniki. Kichwa kisichosikia dawa, vimulimuli machoni, maumivu chini ya chembe cha moyo: hospitali usiku huohuo.

Na mama mkwe nenda naye kliniki, amuulize daktari mwenyewe.