Nimewekewa vyuma mgongoni, naogopa hata kuokota kijiko

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro, nina miaka 38 na kazi yangu ni mama lishe. Huu mwezi wa nne tangu nifanyiwe opresheni, waliniunganisha pingili mbili za chini, L4 na L5, wakaniwekea skrubu nne. Mguu uliokuwa unawaka moto umetulia kabisa, namshukuru Mungu. Kliniki nimeambiwa tu "rudi kwenye shughuli zako taratibu". Sasa taratibu ndo vipi? Majirani wanasema nikiinama chuma kitakatika, mume wangu hataki hata nishike fagio, nashinda na mkanda kiunoni. Zamani nilikuwa nakimbia asubuhi na wenzangu wa mtaani. Ndo basi tena?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na hongera pia, maana huo mguu kutulia ndo jambo kubwa kuliko yote, mshipa wa fahamu uliokuwa umebanwa umepata nafasi.

Hilo la chuma kukatika nalisikia kila wiki na linaniuma, kwa sababu linawafungia watu ndani kuliko hizo skrubu zenyewe. Umeshaona mafundi wakimwaga slabu? Wanasimamisha milunda chini, juu wanamwaga zege, likikomaa milunda inatolewa. Skrubu zako ndo milunda, zege ni ule mfupa waliokupandikiza kwenye pingili, ila milunda yako wewe kwa kawaida inabaki humo humo. Mfupa unachukua kama miezi 6 mpaka 12 kushika vizuri, wengine zaidi, kwahiyo wewe uko katikati ya safari. Na haushiki kwa kulala. Unataka damu itembee, unataka kubeba uzito wa mwili wako kidogo kidogo, ndo maana hospitali wanakusimamisha siku ya kwanza au ya pili tu. Kinachouchelewesha kweli ni sigara na ugoro, hivyo kaa navyo mbali.

Kwahiyo tembea. Kama sasa hivi unaenda dakika 10, fanya mara tatu kwa siku, wiki ijayo ongeza dakika mbili tatu, mpaka ufike nusu saa bila kusimama. Ukilala maumivu yapo kidogo na asubuhi yametulia, hapo uko sawa, endelea. Yakishuka mguuni au asubuhi yako palepale basi jana ulizidisha, punguza.

Sasa jikoni kwako, maana hapo ndo penye kazi. Najua jiko la mkaa linakaa chini na sufuria ya ugali unaikoroga umeinama huku unajizungusha, na hicho ndo kitu kibaya kuliko vyote kwako, kuinama na kujizungusha kwa pamoja ukiwa na mzigo. Mwambie fundi akutengenezee stendi, jiko lije usawa wa kiuno, ukoroge umesimama. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, iache kabisa kwa sasa, chota kwa vidumu vya lita 5, kimoja kila mkono, na hata hivyo muulize kwanza daktari wako kama kilo hizo ameziruhusu. Fagio liwe na mpini mrefu. Kijiko kikidondoka kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka, shika meza kwa mkono mmoja, okota. Mume wako mwoneshe hivyo hivyo akiwa anakuangalia, atapoa.

Mkanda: kama daktari hajasema uendelee nao, muombe akuelekeze namna ya kuuacha polepole. Nilishampokea mgonjwa akiwa mwezi wa nane tangu opresheni, bado anautoa akienda kuoga tu, nikimwambia asimame bila huo mkanda miguu inatetemeka, misuli ya mgongo na tumbo imelala kabisa. Tulianza naye upya na mazoezi ya kitandani. Tafuta mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, mapema, hata mara moja kwa wiki.

Kukimbia subiri. Wengi tunawaruhusu kuanzia miezi sita na kuendelea, wengine mwaka, baada ya picha ya eksirei. Yule mcheza gofu wa Marekani, Tiger Woods, aliunganishwa pingili za chini Aprili 2017 baada ya kufanyiwa opresheni nyingine tatu za mgongo, na Aprili 2019 akashinda Masters, mashindano makubwa ya gofu, na gofu ni mchezo wenyewe wa kujizungusha kiuno! Yeye ana wataalamu wake, ni kweli, ila angalia tarehe, miaka miwili. Hakukimbilia.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kliniki: ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa kukutoka bila kujua au mkojo kugoma kabisa, mguu kuishiwa nguvu ghafla, homa na kidonda kutoa usaha. Ukiona hata moja nenda hospitali usiku huohuo.

Na ukirudi kliniki usikubali kutoka na neno "taratibu" peke yake. Omba eksirei, muulize daktari: mfupa umeshaanza kushika? Nibebe kilo ngapi? Nikimbie lini? Andika majibu kwenye daftari la kliniki pale pale kabla hujainuka kwenye kiti.