Jibu: Ibuprofeni inapotelea wapi kwenye katriji ya C18?

Mkuu, umesema unapata asilimia 45 tu ya ibuprofeni (dawa ya maumivu) uliyoongeza kwenye maji, kwa katriji ya C18 ya miligramu 500, yaani kijibomba chenye unga unaonasa dawa kutoka kwenye maji. Usikimbilie kubadilisha katriji. Kwanza pima kila kimiminika kinachotoka: maji ya sampuli yaliyokwisha kupita kwenye katriji, maji ya kuoshea, na kiyeyushi cha mwisho kinachoitoa dawa. Hapo utajua dawa inatorokea wapi. Bila hivyo unabahatisha.

Ninachoshuku zaidi ni pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji. Ibuprofeni ni asidi dhaifu, pKa yake (pH ambayo nusu yake huwa na chaji) iko kati ya 4 na 5, kwa hiyo kwenye maji ya pH 7 karibu yote ina chaji na C18 haiishiki vizuri. Shusha sampuli hadi pH 2 kwa asidi ya hidrokloriki. Andaa katriji kwa mililita 5 za methanoli, kisha mililita 5 za maji yenye pH hiyohiyo, na usiiache ikauke kabla ya kupitisha sampuli. Mwendo usizidi mililita 5 kwa dakika.

Ikiwa inatoka wakati wa kuosha, punguza methanoli ya kwenye maji ya kuoshea hadi asilimia 5. Ikibaki ndani, itoe kwa mililita 2 za methanoli mara mbili badala ya 4 kwa mkupuo, na kila mara acha methanoli itulie humo dakika moja.

Jumla ya dawa kwenye vimiminika vyote isipokaribia asilimia 100, kagua hatua ya kukausha kiyeyushi kwa gesi ya nitrojeni (mimi sipitishi nyuzi 40), kisha ongeza ibuprofeni kwenye dondoo la sampuli tupu, yaani sampuli isiyo na dawa iliyopitishwa hatua zote. Nayo ikisoma chini, kasoro iko kwenye upimaji wa mwisho, si kwenye katriji.